Samaki wa Kopo Msibani

Nikiwa dukani, kabla sijasoma chochote kilichoandikwa kwenye kopo, kwanza nalibonyeza kwa kidole gumba, juu na chini. Wenye maduka hawapendi. Mmoja pale Kyela mjini aliwahi kuniuliza kama nimekuja kununua kopo au parachichi. Wanangu nao wananicheka. Wao husoma tarehe tu: ikiwa imepita hata jana wanatupa, ikiwa haijafika wanakula bila wasiwasi. Mimi siwezi. Niliwahi kulishwa kitu ambacho tarehe yake ilikuwa imepita miaka, kikanirudishia nguvu. Na niliwahi kusimama mbele ya chakula kilichoandikwa kwamba muda wake bado, tumbo likapanda mpaka kooni. Nitaeleza yote mawili, ingawa hilo la pili nikilianza tu mdomo unajaa mate, yale mate ya chumvichumvi yanayotangulia matapishi.

Niliolewa Bujonde wakati bidhaa zimeadimika nchi nzima. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ilikuwa ya kunong'onezana, na ukisikia duka la ushirika limepata kanga unaacha sufuria motoni unakimbia. Nyumba niliyoingia ilikuwa ya wakulima wa mpunga na kakao, watu wa kanisa, wasiokosa chakula cha shambani lakini chumvi wakiidonoa kwa ncha za vidole. Mume wangu alikuwa mtoto wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakai mbele ya baba mkwe. Akija kwa njia hii wewe unapita ile, na mkikutana ghafla unageukia migombani mpaka apite. Makanisani wengi walikuwa wameanza kuiacha desturi hiyo, lakini yeye hakuiacha, na mimi niliyekulia Ipinda kwenye nyumba ya namna hiyohiyo sikuona ajabu. Nilikijua kikohozi chake. Alikuwa akikohoa kabla ya kuingia uani ili nipate nafasi ya kuondoka, na ninaamini alikuwa akikohoa kwa upole, kama mtu anayebisha hodi.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku kulikuwa na kopo moja la maziwa mazito, yale matamu. Alikuwa ameletewa na ndugu yake aliyefanya kazi migodini huko kusini. Alilitunza kwa ajili ya mgeni mkubwa. Wageni wakubwa walikuja, wakanywa chai ya rangi, wakaondoka, na kopo likabaki sandukuni.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilipoteza damu nyingi. Nikawa mtu wa kulala. Kikombe chenyewe nilishikiwa. Asubuhi moja nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa chumba changu, kisha sauti ikimwambia mama mkwe: "Lile kopo lifunguliwe. Mgeni wake amefika."

Mama mkwe akalileta kwangu, akalifuta vumbi kwa kanga. Mume wangu akaligeuza chini, akasoma.

"Mama, hili limeisha muda. Limeisha zamani sana."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapa."

"Huyo aliyeandika alijua kwamba litalala sakafuni kwa baba yako, mahali penye ubaridi, halijapigwa na jua hata siku moja?"

Mama mkwe alilizungusha kopo mkononi akitafuta kutu, akalibonyeza pande zote mbili, akalitoboa kwa ncha ya kisu huku sikio lake likiwa karibu. Halikutoa pumzi. Akanusa. Maziwa yalikuwa yamegeuka rangi, yamekuwa ya kahawia kama asali ya nyuki wadogo. Akachovya kidole, akalamba, akajisikiliza, kisha akalamba tena, safari hii kwa kupenda tu. Ndipo akaniwekea kwenye uji.

Nilifumba macho. Nilikuwa na kinyaa hata kabla ya kuonja, kwa sababu tu ya ile tarehe niliyoisikia. Lakini kile kitu kilikuwa kitamu! Kilikuwa na ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Nilikula mpaka kijiko kikagonga bakuli, na siku zilizofuata nilikula tena mpaka kopo likaisha, wala tumbo halikuniuma. Niliinuka. Kuanzia hapo habari ya kopo la baba ikawa inasimuliwa kwenye ukoo kila mtu anapotaka kuchekesha wageni.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia watu walete na kuuza bidhaa watakavyo. Nakumbuka tulivyoshangaa. Maduka ya Kyela yaliyokuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia yakajaa vitu mpaka mlangoni: sabuni za kunukia, biskuti za rangi rangi, mafuta ya kupikia, makopo ya samaki na ya nyama, maziwa ya unga. Vingi vilivuka mto Songwe kutoka Malawi, ambako kila mtu huku ana shangazi au binamu. Na aliyeichangamkia hiyo ruksa kuliko wote ukoo mzima alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu.

Shemeji huyu alikuwa karani wa ghala la mpunga kabla ya hapo; sasa akafungua duka lake Kyela mjini. Alikuwa mtu wa sauti, mcheshi, mwepesi wa kutoa. Akija Bujonde alikuja na mfuko, na hakuna mtoto aliyeondoka bila biskuti. Zile biskuti zilikuwa na ladha ya sabuni, na moja niliwahi kuivunja katikati nikakuta utando kama wa buibui na kinyoo cheupe kikijinyoosha. Nilimwambia mume wangu. Akasema labda ni pakiti moja tu. Alimpenda kaka yake.

Siku moja nilitumwa mjini kumwambia shemeji kwamba baba hali yake si nzuri, kifua kimembana. Dukani sikumkuta, wakaniambia yuko nyuma, stoo. Nikazunguka. Kwanza nilipokelewa na harufu. Ilikuwa ya petroli, lakini chini ya petroli kulikuwa na kingine, kama utumbo wa samaki uliosahauliwa kwenye ndoo. Uani, chini ya paa la bati lililokuwa likichoma kama kikaango, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kitambaa chake. Wanachovya kitambaa kwenye petroli, wanasugua kitako cha kopo mpaka namba zinatoka, wanaweka pembeni. Wengine walikuwa wakisugua kutu kwa mchanga na limau, kisha wanapaka mafuta kopo ling'ae. Na mezani, karibu na mlango, kulikuwa na mhuri wa mpira wa tarehe, kama ule wa posta, na kidau cha wino.

Shemeji hakushtuka hata kidogo kuniona.

"Karibu, shemeji! Unatukuta tunaogesha watoto."

Nilimpa habari ya baba. Akasikitika kweli, akasema atakuja jioni hiyohiyo. Halafu akaona macho yangu yalipo.

"Usiogope," akasema. "Tarehe ni ujanja wa wenye viwanda. Wanataka utupe, ununue kingine. Chumvi ina tarehe? Mchele wa baba ulioko ghalani una tarehe? Si mnakula wa mwaka juzi na mnausifu?"

Katika hayo kulikuwa na ukweli. Mchele wa zamani huo tulikuwa tukiusifu kweli. Nikaokota kopo moja la samaki mkekani. Kifuniko chake kilikuwa kimetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"Na hili?"

Akalichukua, akabonyeza ule uvimbe kwa gumba. Ukazama kwa kishindo kidogo, tok, na upande wa pili ukachomoza. Akalitazama kidogo.

"Limejaa vizuri hili," akasema, akalirudisha mkekani.

Mmoja wa wale wanawake akacheka bila kuinua uso. Shemeji akanifungia mfuko wa maziwa ya unga nimpelekee baba. Nyumbani mama mkwe aliufungua, akausogeza mbali na uso wake. Ulikuwa wa manjano, umeshikana mabonge, unanuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Akamwaga kwenye hori. Nguruwe akanusa, akatoa sauti ya puani, akageuka akaenda kulala.

Baba mkwe alifariki katikati ya masika. Anayeijua Kyela anajua masika yetu: mvua haikatiki, mito inapanda mashambani, njia zinageuka matope ya magotini. Watu walikuja wengi mno, maana alikuwa mtu wa watu. Walikuja kutoka Ipinda, kutoka ufukweni, wengine kutoka ng'ambo ya Songwe. Tulimzika vizuri, ng'ombe wakachinjwa, watu wakala wakashiba. Lakini baada ya maziko mvua ikazidi, daraja la miti kuelekea kwetu likazolewa, na wageni wakawa hawawezi kuondoka. Nyama ikaisha. Ziwa lilikuwa limechafuka, wavuvi hawaingii, hata usipa, wale dagaa wetu wa kukausha, haukuonekana. Tukabaki na mchele na maharage, na maharage yenyewe yakawa ya kuhesabu.

Hapo shemeji akasimama mbele ya wazee. Akasema yeye ndiye mtoto wa kwanza, na watu waliokuja kumlilia baba yake hawatakula wali mkavu. Wazee wakamshukuru: ndaga, ndaga fijo. Akamtuma mtu wake mjini, na pikapu ikafika upande ule wa mto ikiwa imefunikwa turubai. Vijana wakavuka na maboksi vichwani, maji yakiwafika kiunoni, wanaume wakiwapigia makofi ukingoni.

Yakaletwa jikoni kwetu. Jiko la msiba lilikuwa banda la nguzo za miti na majani ya migomba, na mkubwa wa jiko alikuwa shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, aliyeishi ufukweni akiuza usipa, na akisema kitu hakirudii. Alifungua boksi la kwanza, akaona makopo ya samaki.

"Ziwa liko pale," akasema. "Mbasa wako pale. Mimi maisha yangu yote natoa samaki ziwani, leo naletewa samaki wa kopo nimlilie kaka yangu."

"Ziwa limechafuka, shangazi," mmoja akamwambia.

"Najua limechafuka. Lete kisu."

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya chungu, nikichochea moto wa kuni mbichi. Nilipogeuka nikaona makopo yanavyong'aa, yamepakwa mafuta, nikaijua ile kazi. Nikaanza kusema, "Shangazi, subiri kidogo," lakini kisu kilikuwa kimeshashuka.

Kopo lilipumua. Sijui neno lingine. Lilitoa pumzi ndefu kama nyoka aliyekanyagwa, kisha likarusha povu la rangi ya waridi chafu, likampiga shangazi kifuani, shingoni, mdomoni. Harufu ikafuata. Nimewahi kusafisha vidonda, nimewahi kusaidia kuosha maiti iliyochelewa, lakini ile harufu ilikuwa na ukaribu fulani, ilikuwa kama inataka kuingia ndani yako ikae. Kulikuwa na nyama ya kijivu imeteleza kwenye mchuzi, haina umbo la samaki, inajisogeza yenyewe kwa mapovu. Mwanamke aliyekuwa akichambua mchele alikimbilia kwenye mvua, hakufika mbali, akatapika penye kamba za kuanikia nguo. Mwingine alifunika pua kwa kanga, kumbe kanga yenyewe ilikuwa imesharukiwa, akapiga kelele. Mbwa waliokuwa wakizengea mifupa walikuja mbio, wakafika hatua chache kutoka kwenye kopo, wakasimama.

Mvua ilikuwa nzito, hewa haiendi popote. Harufu ikatulia juu yetu, ikaingia kwenye majani ya paa, kwenye nywele, kwenye mchele uliokwisha kuchambuliwa. Tulifungua mengine kwa tahadhari. Machache yalikuwa samaki wa kawaida tu. Mengi yalikuwa yametuna au yamekwisha kulegea pembeni, mchuzi umekauka ukawa gamba jeusi.

Niliwaeleza wote nilichoona stoo: petroli, mchanga, mhuri. Shangazi alikuwa akinawa uso kwa majivu na maji, anasugua midomo mpaka ikawa myekundu. Alimaliza, akauliza jambo moja.

"Yuko wapi?"

Alikuwa chini ya turubai la wanaume, amekaa na mchungaji na wazee. Shangazi akachukua sahani nzuri, ile ya bati yenye maua, akapakua wali wa mchele wa marehemu mwenyewe, wali mweupe wa moto, na juu yake akamimina lile kopo lililopumua. Akafunika na sahani nyingine. Mimi, kama mke wa mdogo wa shemeji, nikaamriwa kubeba jagi na beseni la kunawia.

Nikapiga magoti mbele ya shemeji, nikammiminia maji. Alikuwa na mikono safi, kucha zimekatwa vizuri. Akanishukuru. Shangazi akamwekea sahani mapajani, akaifunua.

Mchungaji alikuwa wa kwanza kutoa leso.

"Hiki nini, shangazi?" shemeji akauliza, bado anatabasamu.

"Chakula ulichotuletea. Nimeona mwenye msiba aanze."

"Hapana, hili limeingia maji njiani. Kopo moja kuharibika ni jambo la kawaida. Tarehe yake bado kabisa." Akamwona mume wangu amesimama pembeni ya turubai. "Mwalimu, njoo. Msomee shangazi tarehe."

Shangazi alikuwa na kopo lenyewe mkononi. Akampa mume wangu. Alilisoma kimya kwanza, halafu kwa sauti.

"Imeandikwa bado."

"Mmesikia?"

Mume wangu hakumrudishia kopo. Alipitisha kidole gumba juu ya namba, taratibu, kama anayefuta kosa ubaoni kwake. Kisha akainua kile kidole tukakiona kimekuwa cheusi kwa wino. Nilimtazama uso nikajua kuna kitu kati yake na kaka yake kimekatika pale.

Wazee wakaguna. Shemeji akabadilika sauti, lakini hakubadilisha maneno yake, aliyageuza tu upande wa pili.

"Haya, tarehe, tarehe! Tarehe ina nini? Hapa hapa nyumbani shemeji huyu alikunywa maziwa ya baba yaliyopitwa na miaka na miaka. Ukoo mzima mnajua. Alikufa? Si huyu hapa, mzima, amenenepa?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado nimepiga magoti na jagi mkononi. Kilichonichefua wakati huo kilikuwa zaidi ya ile sahani. Mzee alikuwa amezikwa juzi, udongo wake bado unabomoka kwa mvua, na mwanawe anamtoa kaburini ili amsaidie kuuza samaki waliooza. Sikuwa na desturi ya kusema mbele ya wazee. Nilisikia sauti yangu ikisema.

"Baba hakufuta tarehe, shemeji. Alitoa kopo lake kama lilivyo, tukasoma wenyewe, tukanusa wenyewe, mama akaonja kabla yangu."

Mvua ilizidi kupiga turubai.

"Basi kula," shangazi akamwambia. "Kama tarehe si kitu, kula."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema nisameheni, na pale pale, kwenye msiba, wazee wangemsamehe. Lakini alikuwa mtu wa sauti, na watu wote walikuwa wakimtazama. Akamega tonge la wali, akalibonyeza kwenye ile nyama ya kijivu, likanyonya mchuzi likawa la waridi. Akalitia mdomoni.

Hakutafuna. Aliliweka. Mashavu yalimsimama, macho yakamlowa, jasho likamtoka juu ya mdomo, na sisi sote, Mungu atusamehe, tulikuwa tukimtazama koo. Koo likapanda likakataa. Likapanda tena. Mara ya tatu tonge likashuka, nikaliona linavyoshuka, na ndani yangu kitu kikashuka nalo. Akajifuta midomo.

"Tamu," akasema.

Akamega la pili. Hakuna aliyemlazimisha la pili. Alilimeza kwa haraka, akaweka sahani chini kwa uangalifu kabisa, akasema anakwenda kuangalia kama mto umepungua. Akatembea wima mpaka kwenye mikakao. Alipopotea tu nyuma ya majani tukaanza kumsikia. Wazee wakaanza kuzungumza kwa nguvu habari za mpunga. Haikusaidia. Mchungaji akasimama akaanzisha wimbo, watu wakaitikia, na kila beti ilipomalizika, katika ile nafasi ya kuvuta pumzi, tulimsikia shemeji kule kwenye mikakao akiendelea na wake.

Vijana walichimba shimo kubwa mbali na kisima, wakafukia maboksi. Nasema walifukia, lakini si yote. Kuna watu waliochagua makopo ambayo hayakutuna wakayaficha kwenye vikapu vyao, na niliwaona, na sikuwazuia. Nyumbani kwao kulikuwa na watoto. Baadaye tukasikia kwamba bibi mmoja jirani alihara mpaka akabebwa kwenye machela kupelekwa zahanati, akapona kwa tabu. Na jirani mwingine, aliyekula kutoka boksi lilelile, alinipita sokoni akanisimamisha kuniambia kwamba wale samaki walikuwa wazuri ajabu, na kwamba tulifukia mali. Yote mawili yalikuwa kweli.

Shemeji mwenyewe hakuugua. Siku ya pili alikuja kwenye kikao cha ukoo amevaa shati lililopigwa pasi, akapiga kifua.

"Mnaniona? Nimekufa?"

Na biashara ikaendelea. Mtu akidhani alifunga duka kwa aibu hajui miaka ile ilivyokuwa. Watu walikuwa wamekaa muda mrefu mno bila kitu, na kitu kinachong'aa kwenye rafu kilikuwa na nguvu kuliko maneno ya wanawake wa jikoni. Sisi tu wa nyumba ile ndio tuliacha kununua kwake. Mume wangu alikuwa akipita upande wa pili wa barabara. Mimi kwa muda mrefu sikuweza kula samaki wa aina yoyote, hata mbasa aliyetolewa majini asubuhi. Nilikuwa nikimweka mdomoni namwona shemeji koo linampanda. Nikitembelewa na mtu mwenye harufu ya petroli kidogo, kama mafundi wa pikipiki, nilikuwa naondoka nyumbani kwangu mwenyewe.

Masika yalipoisha tukaanua matanga. Jua lilikuwa limerudi, mpunga umeanza kuinama. Ukoo ulikusanyika, na shemeji akaja, amekaa kwenye kiti cha mbele kama mtoto wa kwanza anavyostahili. Mama mkwe, aliyekuwa bado na nguo nyeusi, akaniambia nimpelekee chai. Nilimpelekea. Ilikuwa chai ya maziwa, ya ng'ombe wetu. Nikapiga magoti, nikaweka kikombe mbele yake.

Hakukigusa. Alikiinamia, akavuta pua.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "maziwa haya ni ya lini?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na wasiwasi wa kweli usoni, mtu anayejali tumbo lake.

"Ya asubuhi hii," nikamwambia.

"Una hakika? Hayakulala?"

"Hayakulala."

Akafikiri kidogo. Kisha akakisukuma kikombe kwa ncha ya kidole, akaomba nimletee ya rangi. Nikakibeba kile kikombe kurudi jikoni, nikamweleza shangazi. Hakuamini, akaniuliza tena alivyosema, neno kwa neno, nikayarudia. Akatema mate pembeni ya jiko. Halafu akakipokea kikombe, akanywa chai yote akiwa amesimama, akaniuliza kama kuna nyingine.